Utepe mweusi ubavuni mwa picha: pazia la kamera linapochelewa

"Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu ameniachia kamera ya filamu, Pentax K1000, iliyokaa kabatini Tanga zaidi ya miaka ishirini. Nimeshapiga mikanda miwili ya ISO 400. Picha za ndani na za jioni zimetoka vizuri kabisa, lakini nyingi nilizopiga mchana ufukweni zina utepe mweusi uliosimama upande wa kulia, na nyingine upande huo umefifia tu bila kuwa mweusi. Aliyenisafishia mkanda anasema filamu ilipitwa na muda. Rafiki yangu anasema ni betri. Fundi mmoja wa redio yuko tayari kuifungua akaze springi. Nimkubalie? Na picha zilizoharibika zinaokoleka?"

Marahaba. Nianze na fundi: usimkubalie kwa sasa. Dalili ulizozieleza zinatosha kuutaja ugonjwa hata kabla kamera haijafunguliwa, na kwa kamera iliyolala miaka ishirini, chanzo chake mara nyingi si springi iliyolegea. Ni mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye mihimili midogo inayoviringisha pazia la shata, yaani kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga kuelekea kwenye filamu. Springi ikikazwa juu ya uchafu, kamera itajifanya imepona, kisha tatizo litarudi likiwa na mwenzake.

Tumalizane na betri. K1000, iliyotengenezwa na kampuni ya Asahi kuanzia 1976 hadi 1997, ni kamera ya kimakanika mwanzo hadi mwisho. Kile kibetri kimoja cha LR44 kilicho chini yake kinaendesha sindano ya kipima mwanga tu. Kitoe uone: shata itaendelea kufyatuka kwa spidi zote. Huenda rafiki yako anaifikiria kamera kama Canon AE-1, ambayo shata yake inaongozwa na umeme na betri ikiisha haifyatuki kabisa. Yako si ya ukoo huo.

Filamu iliyopitwa na muda nayo ina tabia zake: rangi huhama, chembe hukua, weusi hugeuka kijivu, na hayo hutokea kwenye picha nzima. Haijui kulia wala kushoto, na haiwezi kuharibu picha za mchana ikaziacha za jioni zilizo kwenye mkanda uleule. Lenzi pia iachie huru. Lenzi inayoziba mwanga hutia giza kwenye pembe zote nne, kwa mviringo. Haichori mstari ulionyooka upande mmoja.

Sasa chukua negativu zenyewe (vile vipande vya filamu iliyosafishwa), si picha za karatasi wala za kwenye simu, uzishike mbele ya dirisha. Hapa wengi hupotea, kwa sababu negativu husema kinyume. Utepe ulio mweusi kwenye picha unatakiwa uwe mahali peupe, panapopitisha mwanga, kwenye negativu (kwa filamu ya rangi patakuwa na ile rangi ya chungwa tupu). Maana yake ni kwamba hapo mwanga haukufika kabisa. Ukikuta kinyume, negativu nyeusi na picha yenye utepe mweupe, basi mwanga uliingia mahali usipotakiwa, na hiyo ni kesi nyingine nitakayoigusa baadaye. Tazama pia mipaka. Kasoro ya shata huishia ndani ya fremu. Mwanga unaovuja kupitia mlango wa nyuma mara nyingi humwagika hadi kwenye matundu ya pembeni mwa filamu, na kasoro ya kusafisha filamu hukatiza kutoka fremu moja kwenda nyingine bila kujali mpaka.

Nachukulia kwamba kwako utepe ni mweupe kwenye negativu, umenyooka na umekoma kwenye mpaka wa fremu. Basi tuingie ndani ya shata.

K1000 ina mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayosafiri kwa ulalo mbele ya filamu. Ukivuta mkono wa kusogezea filamu, mapazia yote mawili huvutwa kuelekea kulia, ukitazama kamera kutoka nyuma. Ukibonyeza kitufe, pazia la kwanza huachiwa, likakimbia kurudi kushoto na kufungua dirisha. Baada ya muda uliouchagua kwenye gurudumu la spidi, pazia la pili huachiwa, likalifuata na kulifunga dirisha. Mwanga unaoifikia filamu ni ule unaopita katika nafasi iliyo kati ya mapazia haya mawili.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kutoka spidi ya 60 hadi 1000 (yaani 1/60 hadi 1/1000 ya sekunde), mapazia hayabadilishi mwendo. Yanakimbia kasi ileile. Kinachobadilika ni umbali kati yao tu. Kwa spidi ya 60, pazia la kwanza hufika mwisho kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo kuna kitambo ambapo dirisha lote liko wazi. Kwa spidi ya 1000, la pili huondoka mara tu baada ya la kwanza, na kinachopita mbele ya filamu ni upenyo wa milimita mbili tatu hivi.

Fikiria daladala mbili za njia moja, safari ya dakika 14. Gari la pili likiondoka dakika 16 baada ya la kwanza, halafu la kwanza likachelewa njiani dakika moja, nani atajua? Lakini la pili likiondoka dakika moja tu nyuma yake, na la kwanza likachelewa dakika ileile moja, yatagusana kabla ya kituo cha mwisho. Badilisha dakika ziwe milisekunde (elfu moja hufanya sekunde) na hiyo ndiyo shata yako. Safari ya pazia kwenye kamera za aina hii ni kama milisekunde 14. Spidi ya 1000 ni pengo la milisekunde moja. Pazia la kwanza likipoteza milisekunde moja kufikia mwisho wa safari, pengo limekwisha na filamu haikuona kitu: utepe mweusi. Kwa spidi ya 500 pengo ni milisekunde 2, kwa hiyo kupoteza moja kunakata mwanga nusu: upande umefifia, haujawa mweusi. Kwa 250 unapoteza robo, na jicho halitagundua upesi. Kwa 60 unapoteza moja kati ya 16, na hakuna atakayeona.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini picha za ufukweni zimeumia na za ndani ziko salama. Si jua lililoharibu. Kwa filamu ya ISO 400 (namba ya ISO ikikua, filamu huhitaji mwanga mdogo zaidi) chini ya jua la pwani, kipima mwanga kilikusukuma kwenye 500 na 1000. Ndani ya nyumba ulikuwa kwenye 60 au 30. Na upande wa kulia nao unalingana: lenzi hugeuza taswira, kwa hiyo kushoto mwa dirisha la filamu, ambako mapazia humalizia mbio, ndiko kunakopokea kulia mwa picha. Giza lako liko mwisho wa safari, mahali ambapo pazia la kwanza linaloburuta hukamatwa na la pili.

Kwa nini linaburuta? Springi za pazia zimejificha ndani ya vibomba vyembamba upande wa kushoto, karibu na chumba cha kopo la filamu. Vibomba hivyo huzunguka kwenye mihimili yenye tone dogo la mafuta kutoka kiwandani. Mafuta hayo yakikaa miongo huwa mazito kama asali, yakishikana na vumbi na chembe za mchanga. Hewa ya chumvi ya pwani hutia kutu kidogo kwenye ncha za mihimili, na joto la kabatini hukakamaza mpira wa kitambaa, kwa hiyo pazia lililozoea kujiviringisha kama hariri sasa hujiviringisha kama turubai. Springi pia huweza kuchoka, siukatai uwezekano huo. Lakini fundi hawezi kujua imechoka kiasi gani mpaka aondoe vitu vinavyoizuia.

Kabla hujaamua lolote, thibitisha. Maliza filamu iliyomo au itoe. Bonyeza kitufe cha kuachia lenzi, izungushe na uitoe, kisha funika nyuma ya lenzi hiyo (mdomo wa kamera uache wazi). Fungua mlango wa nyuma. Usiguse pazia kwa kidole hata mara moja. Mafuta ya ngozi hubaki, na mkunjo mmoja huweza kuwa ufa. Weka spidi ya 1000, koki shata kwa mkono wa kusogezea filamu, elekeza kamera kwenye anga jeupe au ukuta mweupe ulio juani (usiielekeze kwenye jua lenyewe), jicho nyuma, bonyeza. Shata nzima itakuonyesha mstatili kamili wa mwanga uliowaka kwa mpigo. Mgonjwa atakuonyesha mstatili uliokatwa upande wa kushoto. Rudia mara kumi, kwa sababu pazia linaloburuta halina msimamo. Mara ya tatu linaweza kupita vizuri. Halafu shuka 500, 250, 125, ukiandika kila ulichoona. Usitumie taa ya LED kwa jaribio hili. Taa nyingi za umeme wa nyumbani huwaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, na zitakuchorea mistari ambayo kamera haina.

Simu inayorekodi mwendo wa taratibu wa fremu 240 kwa sekunde inafaa kwa spidi za chini. Sekunde nzima iwe fremu 240 hivi za dirisha lililo wazi, nusu sekunde 120, spidi ya 15 iwe 16, ya 30 iwe 8. Juu ya 60 simu haina maana kwa kupima: fremu yake moja ni zaidi ya milisekunde 4, ilhali hata tukio la 125 halifiki fremu mbili.

Kwa spidi za juu kuna kifaa cha zamani kinachoshinda simu, na huenda kiko stoo kwenu: TV ya chogo. Picha yake huchorwa mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini, na kwa mfumo wa PAL uliotumika kwetu kila mstari huchukua mikrosekunde 64. Hiyo ni saa ya bure. Iwashe ikiwa na picha angavu isiyo na mambo mengi, zima taa za chumba, weka kamera wazi mbele na nyuma mezani ikiwa imelala sawa, kama mita moja kutoka kwenye kioo cha TV. Simu iweke nyuma ya kamera, kwenye hali ya kujiwekea mwenyewe muda wa nusu sekunde, ipige huku ukifyatua shata. Utapata mshazari wa mwanga unaokatiza dirisha. Hesabu mistari ya TV kwa wima ndani ya mshazari huo. Kwa spidi ya 1000 iwe 15 au 16, kwa 500 iwe 31, kwa 250 iwe 62. Muhimu kuliko idadi ni unene: mshazari uwe na unene uleule kutoka ncha hadi ncha. Kwako natarajia uanze mnene upande wa kulia na kuchongoka kuelekea kushoto kama mkia wa mjusi. Ukikuta mistari 20 mahali pa 16 lakini sawa pote, kamera inatoa kama 1/780 badala ya 1/1000, na hiyo kwa mashine ya umri huu ni afya njema. Filamu ya negativu haitajali.

Ukipenda ushahidi wa filamu, tumia fremu chache za mkanda unaofuata kwenye anga la buluu tupu, mbali na jua. Kwa ISO 200 (namba ya f ni ya tundu la lenzi, ikikua tundu hupungua) piga 1000 kwa f/8, 500 kwa f/11, 250 kwa f/16, 125 kwa f/22. Zote zinapokea mwanga uleule, kwa hiyo negativu zote nne zinatakiwa zifanane weusi, na kila moja iwe sawa kulia na kushoto. Andika mpangilio kwenye daftari, maana baada ya wiki mbili hutakumbuka ipi ilikuwa ipi.

Kuna magonjwa mengine yanayofanana na hili, na usipoyatenganisha utamtuma fundi mahali pasipo. Picha ya flashi iliyokatwa nusu si ugonjwa hata kidogo: flashi huwaka kwa kitambo kifupi sana, na kwenye K1000 dirisha huwa wazi lote kwa spidi ya 60 kushuka chini tu. Ukipiga flashi kwa 125 na kuendelea, pazia litakuwemo kwenye picha, na ndivyo lilivyosanifiwa.

Giza likilala kwenye ubavu mrefu wa picha, likiwa na ukingo uliofifia, mtuhumiwa ni kioo kinachochelewa kupanda, si pazia. Tazama ile sponji nyembamba iliyo juu, mbele ya kioo cha kutazamia, mahali kioo kinapogonga kikipanda. Iguse kwa kijiti cha meno. Ikinata kama lami, imeoza na itakuwa inakishika kioo. Kioo kinachopanda kikabaki juu mpaka ukoki tena ni jambo jingine: kurudi kwa kioo kunaamriwa na pazia la pili linapofika mwisho wa safari. Lisipofika, kioo kinasubiri. Yaani kioo kilichokwama mara nyingi ni habari kuhusu pazia, na kukisukuma kwa kidole hakutibu kitu.

Utepe mweupe ukingoni mwa picha, upande ule wa mwisho wa safari, huashiria pazia la pili linalogonga na kurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Nukta nyeupe zinazorudi mahali palepale fremu baada ya fremu ni matundu kwenye kitambaa. Yatafute gizani, lenzi ikiwa imetolewa na tochi ndogo ikiwa mbele, shata ikiwa imekokiwa, halafu tena ikiwa haijakokiwa, maana kila hali huweka kitambaa tofauti mbele ya dirisha. Spidi za chini, kuanzia 30, zina gia zao za kuchelewesha, utazisikia zikivuma. Sekunde moja ikigeuka mbili, au mvumo ukikata katikati, uchafu umefika na huko. Hilo halihusiani na utepe wako, ila fundi akiwa ndani anaweza kulimaliza kwa safari moja.

Sasa ufanye nini? Una njia nne, na ya kwanza haikugharimu chochote: kuizoeza. Bila filamu, fyatua shata mara 50 hadi 100, ukichanganya spidi, kwa siku nne tano mfululizo, na mwisho wa kila siku rudia jaribio la anga. Mafuta mazito hulainika kwa mwendo, na kamera nyingi zilizolala hurudi nusu ya njia au zaidi kwa tiba hii pekee. Kipimo cha kweli ni asubuhi. Ikiwa inapita vizuri jioni baada ya mifyatuo mia, lakini mfyatuo wa kwanza wa asubuhi unakatwa tena, basi mafuta yaliyoganda yapo na mazoezi yanayaficha tu. Na picha unayoitaka sana kwa kawaida huwa mfyatuo wa kwanza.

Njia ya pili ni kuishi nayo. Kamera yako kwa 250 kushuka chini inafanya kazi. Acha ISO 400 kwa ufukweni, tumia ISO 100: jua kali la mchana linataka f/16 kwa 125 au f/11 kwa 250, na huhitaji kabisa kugusa 500. Ukibaki na ISO 400, f/22 kwa 250 inatosha jua lilelile, ingawa lenzi hupoteza ukali kidogo ikifungwa kiasi hicho. Ukitaka tundu kubwa ili nyuma kufifie, nunua kichujio cha kijivu cha kupunguza mwanga mara 4. Lenzi ya kawaida ya kamera hii, ile ya 50mm f/2, inachukua cha milimita 49. Njia hii ni ya heshima. Kasoro yake ni kwamba ugonjwa haukai ulipo: leo ni 500, baada ya misimu miwili ya mvua inaweza kuwa 250.

Ya tatu ni kusafishwa na kupimwa na fundi wa kamera, na ndiyo ninayoipendekeza ikiwa mazoezi hayakushika. Ya nne ni kununua bodi nyingine, yaani kamera bila lenzi. Lenzi ya babu itaingia kwenye bodi yoyote yenye mdomo wa K wa Pentax (aina ya kiungio cha lenzi). Lakini bodi ya kununua mkononi ina umri uleule na mafuta yaleyale, kwa hiyo usiilipie kabla hujaifanyia jaribio la anga mbele ya muuzaji.

Kuhusu kukaza springi, nieleze kwa nini naipinga, maana fundi wako hakukosea kuwa zipo. Chini ya kifuniko cha chini kuna marekebisho mawili ya mkazo, moja kwa kila pazia, na mtu mwenye bisibisi ndogo anaweza kuyafikia kwa dakika kumi. Urahisi huo ndio mtego. Ukikaza la kwanza peke yake, pengo linapanuka mwishoni, utepe unaondoka, na spidi zote za juu zinabadilika bila mtu kujua zimekuwa ngapi. Ukikaza yote mawili, yanagonga mwisho kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo la pili huanza kurudi nyuma na kukuletea utepe mweupe. Tepe nyembamba zinazoshikilia pazia la zamani zimeunganishwa kwa gundi. Mkazo wa ziada huzibandua. Utaratibu ni kusafisha kwanza, kulainisha, kuzoeza, kupima. Mkazo huguswa mwisho, na kwa kiasi kidogo, kifaa cha kupimia kikiwa mezani.

Na tafadhali usipulize WD-40 (yale mafuta ya kopo la kupuliza) mahali popote kwenye kamera hii, wala usitumie mafuta ya cherehani "kidogo tu". Mafuta hutambaa. Yakifika kwenye kitambaa hulainisha mpira na kuokota vumbi, yakifika kwenye kioo cha kutazamia hayatoki. Mafundi hutumia mafuta ya saa, kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko kichwa cha pini, tena baada ya kuosha mhimili kwa nafta. Nafta hiyohiyo ikigusa pazia huweza kuudhuru mpira wake, na ni kimiminika cha jamii ya petroli kinachowaka upesi. Kazi hii si ya jikoni. Hata skrubu zina siri: za Kijapani zina msalaba wa umbo lake, na bisibisi ya kawaida huzila vichwa.

Nenda kwa fundi bila kuendelea na majaribio ukiona mojawapo ya haya: pazia lina ufa, mkunjo au limetoka kwenye mstari, mkono wa kukoki umegoma katikati (usiulazimishe, gia ndizo zitakazokatika), kioo kinabaki juu mara kwa mara, au utepe unaonekana hadi kwenye spidi ya 125. Mwulize maswali matatu. Ana kifaa cha kupima shata? Atapima muda wa safari wa kila pazia, na mwanga upande wa kulia, katikati na kushoto? Atakupa vipimo vya kabla na baada? Fundi wa saa mwenye mkono mtulivu anaweza kusafisha vizuri sana, ila bila kipimo atakuwa anakisia mwisho wa kazi. Asiyekuwa na jibu la swali la kwanza, mshukuru uondoke. Mpe karatasi yako ya majaribio pamoja na negativu mbili zenye utepe, moja ya 1000 na moja ya 500. Zitamwokolea saa nzima. Mwombe pia abadilishe sponji ya kioo na ya mlango akiwa humo.

Ukiwa unasubiri, iweke kamera ikiwa haijakokiwa, kwenye kopo la plastiki linaloziba lenye vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, si kwenye mfuko wake wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu wa pwani na kufuga ukungu. Na ukisikia wazee wa kamera za Kisovieti wakikuonya usibadilishe spidi kabla ya kukoki, hiyo ni sheria ya kamera za FED na Zorki. K1000 haijali.

Kuhusu picha zako: zile zenye utepe mweusi kabisa hazina kitu hapo cha kuokoa, kwa sababu mwanga haukuandika chochote kwenye filamu. Zikate upande huo, na uangalie kama zinapendeza zikiwa za mraba. Zile zilizofifia ni habari nyingine. Hapo mwanga uliingia, ila kwa upungufu, na filamu ya ISO 400 imehifadhi mengi kuliko karatasi uliyopewa inavyoonyesha. Omba negativu ziskaniwe upya kwa ubora wa juu, faili la TIFF kama wanaweza, kisha kwenye programu ya picha ongeza mwanga kwa mteremko, kutoka sifuri katikati hadi hatua moja (mwanga mara mbili) ukingoni kulia. Chembe zitaongezeka kidogo upande huo. Anza na zile ulizopiga kwa 500, ikiwa unazikumbuka.